Lita Moja Inakufikisha Wapi?

Lwakatare wa Ijumbi, Muleba, ana pikapu ya petroli. Mara mbili kwa wiki yeye na mkewe, Kokuhirwa, hupakia ndizi na kuzipeleka sokoni Bukoba. Na tuseme ukweli, Lwakatare anaionea fahari pikapu yake. Akikutana na mtu njiani husimama, huteremka na kuanza salamu. Nasi Wahaya hatusalimiani kwa haraka: watoto wazima? Migomba je? Ng'ombe je? Muda wote huo injini inanguruma, ili hata walio ndani ya nyumba wajue ni nani anapita.

Tatizo ni kwamba ndizi zikiuzwa, karibu fedha yote huishia sheli.

Siku moja Lwakatare alisema, "Mama Isaac, petroli inatumaliza. Nimepata mtu wa kununua kibanja cha chini. Atakuja mwisho wa mwezi. Tuuze, tununue pikapu ya dizeli."

Kokuhirwa aliacha kumenya ndizi. Kibanja ni shamba la migomba la ukoo, na hicho mumewe aliachiwa na marehemu baba yake. Moyo ulimuuma.

"Kibanja cha baba mkwe kinywewe na gari? Baba Isaac, hiyo dizeli umeipima?"

"Nipime nini? Kila mtu anaisifu."

"Wanaoisifu hawauzi vibanja vyao. Twende kwa Safina kwanza."

Safina ni fundi magari wa Hamugembe, mjini Bukoba. Yeye mwenyewe anaendesha pikapu ya dizeli.

"Watu hulinganisha bei ya lita," aliwaambia. "Bei peke yake haitoshi. Uliza lita moja inakufikisha wapi. Jaza tangi mpaka juu, kisha soma kilomita kwenye dashibodi. Fanya safari yako, ujaze tena. Kilomita ulizokwenda zigawe kwa lita ulizoongeza."

Walikubaliana kuyapima magari yote mawili, mzigo sawa na njia moja, kutoka Ijumbi mpaka Bukoba. Siku ya kupima, watu wa sokoni waliwafuata sheli kuona nani mshindi. Pikapu ya Safina ilikwenda kilomita kumi kwa lita. Ya Lwakatare ilikwenda sita tu.

"Si nilisema!" Lwakatare alipaza sauti. "Kibanja kiuzwe!"

"Subiri," alisema Kokuhirwa. "Safina hakusimama hata mara moja. Wewe umesalimia watu kuanzia Ijumbi mpaka hapa, na injini inawaka!"

Watu waliangua kicheko. Lwakatare aliinama akatazama viatu vyake.

Safina alifungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi. Tairi nazo zilikuwa zimepungua upepo.

"Haya yote yanakula mafuta," alisema. "Lakini sikufichi, Baba Isaac. Dizeli huenda mbali zaidi kwa lita, hasa ukipanda mlima na mzigo mzito. Ungekuwa unasafiri kila siku, ningekwambia nunua. Ila gari lenyewe ni ghali, na pampu yake ya mafuta ikiharibika utalia. Kwa safari mbili kwa wiki, itachukua miaka mingi kurudisha fedha yako."

Alibadilisha chujio, akajaza tairi upepo. Wiki iliyofuata walipima tena, mzigo ule ule. Safari hii Lwakatare alizima injini kila aliposimama.

"Pole, gari limekuzimikia?" aliuliza mzee mmoja njiani.

"Nimelizima mwenyewe, waitu, mzee wangu!" alijibu kwa sauti kubwa, maana sifa hazikuwa zimemtoka.

Walipofika sheli na kujaza tangi, Safina alipiga hesabu.

"Kilomita nane kwa lita!"

Kokuhirwa alipiga vigelegele mpaka wauza mafuta wakatoka kuangalia. Alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Petroli ilikuwa ile ile, na gari lile lile.

Mwisho wa mwezi mnunuzi alifika Ijumbi. Aliwakuta mume na mke kwenye kibanja cha chini, wanachimba mashimo.

"Mbona mnapanda migomba kwenye shamba langu?" aliuliza.

"Haliuzwi tena," alisema Lwakatare. "Miche hii tumeinunua kwa fedha tuliyookoa kwenye mafuta."

Kokuhirwa alijifuta jasho, akamtazama mgeni.

"Lakini kama umekuja na nguvu zako," alisema, "jembe lile pale."