Mrefu Alidai, Kicheko Alieleza

Kila Jumatatu kabla ya kengele, Dodosa alibandika gazeti la ukutani nje ya darasa lao. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kuulizwa. Wiki hiyo habari kubwa ilikuwa uchaguzi wa kiranja mkuu. Wagombea walikuwa wawili: Mrefu, golikipa wa shule, na Kicheko, msichana aliyekaa na Dodosa dawati moja.

Kufikia mapumziko, mambo yalikuwa yamechafuka. Wafuasi wa Mrefu walisema gazeti limemwonea mtu wao. Kicheko naye alinuna, akasema gazeti limembeba Mrefu. Mwalimu wa Kiswahili alimwita Dodosa, akamwonya kwamba ugomvi ukiendelea, kesho gazeti litabanduliwa na halitarudi tena.

Dodosa aliumia. Alikuwa amepima kwa rula: kila mgombea mistari kumi, hakuna aliyezidishiwa hata nukta. Lakini mshangao ulizidi maumivu. Karatasi moja ingewezaje kuwaonea wote wawili?

Jioni alimpelekea nakala ya gazeti shangazi yake, fundi cherehani ambaye hakuna mshono uliopinda uliomponyoka. Shangazi alisoma mara mbili, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akazungushia duara maneno mawili.

"Kicheko 'alieleza' kwamba maktaba itafunguliwa mapema. Mrefu 'alidai' kwamba mabomba yatatengenezwa. Mbona huyu anaeleza na yule anadai?"

Dodosa alijitetea kwamba yote ni kusema tu.

"Mwanangu, nikikwambia fundi mwenzangu anadai amemaliza suti yako, utakwenda kuichukua?"

Masikio ya Dodosa yaliwaka kwa aibu. Hakukusudia. Mkono wake ulimfuata rafiki bila kumwomba ruhusa.

"Na Kicheko je? Yeye analalamikia nini?" Dodosa aliuliza.

"Hilo mimi silioni. Mwombe akuonyeshe neno."

Asubuhi Dodosa alibandika masahihisho juu kabisa, kwa jina lake mwenyewe: wagombea wote wawili "walisema", na kosa lilikuwa la mwandishi. Kisha akamwomba Kicheko aonyeshe neno lililomwonea. Kicheko alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika chini, akarudi juu.

"Halipo," alisema hatimaye. "Nilitaka tu uandike kwamba mimi ndiye bora." Akasogeza madaftari yake mpaka ukingoni mwa dawati, mbali na ya Dodosa.

Mwalimu aliposoma masahihisho, aliwaambia wanafunzi wote kwamba gazeti litabaki.

"Mkisoma habari, iwe ya ukutani hapa au ya magazeti ya wakubwa, msiishie kuuliza kama imewapendeza," alisema. "Tafuteni neno lililopinda. Mkiliona, lionyesheni, na mwandishi alirekebishe. Msipoliona, jiulizeni kama kilichopinda si jicho lenu."

Kicheko alivuta madaftari yake, akayarudisha karibu na ya Dodosa.