Msaidizi wa Profesa Bulugu

Mama alinituma nguo. Nguo tu.

"Claudia, nenda Bisibo ukaniletee vitu vya mdogo wako," aliniambia. "Si vizuri nguo za marehemu kuning'inia kwenye nyumba ya watu."

Mdogo wangu aliitwa Deodata. Tulimzika nyumbani Kanazi mwezi wa tatu, nyuma ya migomba ya baba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilisubiri mpaka tulipofunga shule mwezi wa sita, ndipo nikaenda.

Sisi ni watu wa jembe. Babu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na godoro kichwani, na baba yetu, mzee Ndayisenga, hakuwahi kukaa darasani. Deo ndiye peke yake katika ukoo wetu aliyefika chuo kikuu. Akasoma sheria. Akaendelea na shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu wajane wa Biharamulo wanaoitwa wachawi ili wanyang'anywe mashamba ya waume zao. Alikuwa anapita kaya kwa kaya, Kaniha, Bisibo, mpaka huko ndani ambako hata pikipiki hugoma. Akina mama waliomficha siri zao hata paroko, yeye walimwambia. Alikaa nao chini, akamenya nao mihogo, akaongea lugha zao.

Msimamizi wake, Profesa Bulugu, hakujua hata salamu ya Kisubi, lugha ya huko. Alipanga nyumba ya utafiti kule Bisibo. Alikuja na gari, akachukua alichoandika Deo, akaondoka. Makala zilitoka. Jina lilikuwa la Profesa.

"Ananinyonya, dada," Deo aliwahi kuniambia kwenye simu. "Lakini acha nivumilie. Nikimaliza ataniandikia barua nzuri ya kazi."

Hakumaliza.

Profesa mwenyewe ndiye aliyetupigia simu. Alisema Deo ameanguka mezani akiwa anaandika. Homa kali. Na mwaka ule watu wa upande wetu walikuwa wanaogopa homa ya kuambukiza kuliko risasi. Mama alituma gauni la kijani, lile la mahafali, avikwe. Jeneza likaja limefungwa, limepuliziwa dawa, na waliolileta walivaa mavazi meupe mpaka machoni. Baba aliomba aone uso tu. Akakataliwa. Akaweka kiganja juu ya mbao, akakaa hivyo kwa muda, kisha akasogea.

"Jeneza jepesi hili," mmoja wa wabebaji alinong'ona.

Watu wakamkemea. Tukazika.

Ndiyo maana siku hiyo nilikuwa nyuma ya pikipiki naelekea Bisibo. Tulipata pancha njiani, na fundi alikuwa amekwenda kwenye rubisi, pombe ya ndizi, tukamsubiri. Nilipofika, jua lilikuwa linazama na kuku walikuwa wanaingia bandani. Dereva alinishusha mbali kidogo na nyumba.

"Hapo sifiki, mwalimu," alisema. "Tembea tu. Nitakusubiri huku kwenye nyumba za watu."

"Kuna nini?"

Aligeuza pikipiki akaondoka.

Nyumba ilikuwa peke yake, mbele ya shamba la mihogo. Bati jipya. Umeme wa jua juu ya paa. Hapakuwa na mbwa. Hapakuwa hata na ndege. Nilipiga hodi, na Profesa Bulugu akafungua mwenyewe, amenenepa, shati limemkaa vizuri.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari. Karibu ndani, karibu."

Niliingia. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi, pamoja na udongo mbichi. Nikaangalia sakafu. Sakafu ilikuwa saruji, safi, inang'aa.

Akanimiminia chai. Akazungumza. Alisema mwaka huu Mungu amembariki, ameandika kuliko miaka yote ya maisha yake. Kitabu kimoja kimetoka, cha pili kiko kwa wachapaji, cha tatu kinaelekea mwisho. Chuo kimempa tuzo. Alisema pole kwa ajili ya Deo. Alisema alikuwa binti mwenye bidii. Alisema hivyo kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa plau.

Nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma.

Taka-taka-taka-taka...

Vidole juu ya kompyuta. Vilikwenda haraka bila kupumzika. Halafu kimya. Halafu kisigino kikagonga sakafu.

Ko. Ko.

Niliweka kikombe mezani.

Deo alikuwa na tabia hiyo tangu darasa la kwanza. Akikwama kwenye kuandika, anagonga kisigino. Mama alikuwa anamgombeza, eti anaita nyoka. Tulilala chumba kimoja miaka yote ya utoto wetu. Ningeweza kukijua kisigino kile katikati ya ngoma za harusi.

"Ni nani huyo?" niliuliza.

"Nani?"

"Anayeandika."

Profesa alikunywa chai yake taratibu.

"Msaidizi wangu."

"Naweza kumsalimia?"

"Ana kazi."

Taka-taka-taka...

"Vitu vya marehemu viko kwenye begi pale mlangoni," alisema. "Nimekwisha kukuandalia. Usije ukachelewa, mwalimu, giza linaingia."

Nikasimama. Nikaomba kwanza nijisaidie. Akanionyesha choo kwa kidevu, nje, nyuma ya nyumba. Nadhani alijua. Mpaka leo nadhani alijua, na hakujali.

Nje mwanga ulikuwa umebaki kidogo, ule mwekundu wa mwisho. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limezibwa kwa gunia kutoka ndani. Nilisogea nikiwa nimeshika ukuta. Harufu ya utomvu ilikuwa kali kiasi kwamba nilisikia ladha yake kooni. Pembeni ya gunia palikuwa na upenyo.

Nikachungulia.

Niliona kwanza vidole. Kucha zilikuwa zimejaa udongo. Vilikuwa vinakimbia juu ya kompyuta kama vifaranga vinavyodonoa. Kisha nikaona mkono wa gauni. Kijani. Pindo lilikuwa na tope lililokauka. Pembeni yake, sakafuni, palikuwa na bakuli la pumba za mahindi, zimelowekwa maji.

Nikapandisha macho.

Mwanga wa kompyuta ulikuwa unampiga usoni.

Deo.

Nisingeweza kukosea. Lile kovu la nyusi alilolipata tukigombania ndoo lilikuwa palepale. Macho yalikuwa wazi, makavu, hayapepesi. Alikuwa anaandika kama mtu aliyefungwa kamba ndani ya mwili, na mwingine anaivuta.

"Deo," nilinong'ona. "Deo wangu. Ni mimi, Claudia."

Vidole vikasimama.

Akageuka. Polepole, shingo kwanza, mabega baadaye. Akatazama upenyo. Akanitazama mimi. Niliona midomo yake inatafuta neno. Ikafunguka.

Ndani hapakuwa na ulimi.

Nilimwona akinitazama, na nilisubiri. Nilisubiri jicho lake liseme jambo lolote, dada, nisaidie, nenda, lolote lile. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani. Kisha akaigeukia kompyuta.

Taka-taka-taka...

"Anamalizia sura ya mwisho," sauti ilisema nyuma ya sikio langu. "Usimpotezee mawazo."

Profesa alikuwa amesimama pale, begi la nguo mkononi. Hakuwa amekasirika. Alininyooshea begi kwa adabu, kwa mikono miwili.

Sikumbuki nilipitaje mihogo ile. Ninakumbuka nikipiga kelele, na watu wakitoka majumbani. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Frednand, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka. Watu wa kule wanayajua hayo. Mtu unamzika, kumbe umezika mgomba, na mwenyewe yuko kwa mwingine analima usiku bila ujira. Wanamwita msukule. Lakini wote walizoea msukule wa shamba, na huyu hashiki jembe.

"Siku hizi mashamba ni mengi," mzee Frednand alisema kwa sauti ya chini. Akachukua tochi na wanaume wachache, tukarudi pamoja.

Profesa alitufungulia mlango. Akatupisha. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, kiti, kompyuta iliyozimwa, na gunia la pumba.

"Za kuku," alisema.

"Kuku wako wapi?" mzee Frednand aliuliza.

"Nitanunua."

Niligusa kile kiti. Kilikuwa baridi, baridi ya mtungini.

Asubuhi nilikwenda polisi. Askari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole. Alinipa benchi, akaandika mpaka nilipotaja neno lile, kisha akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, unasema Profesa ni mchawi?"

"Ninasema mdogo wangu yuko ndani ya nyumba yake."

"Mdogo wako amezikwa. Wewe mwenyewe ulikuwepo." Akashusha sauti. "Unajua kwamba kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa? Akitaka kukushtaki, wewe ndiye utakayelala humu ndani."

Ndiyo, nilijua. Deo alinifundisha. Alikuwa ananisomea sheria ile tukiwa jikoni, kwa furaha, akinionyesha jinsi inavyoweza kumwokoa mjane mzee asikatwe mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Alisema shida ni kwamba wanavijiji hawaijui. Alitaka ijulikane mpaka Kaniha. Sasa ilikuwa imemsimamia mlangoni Profesa Bulugu kama askari wa zamu, na mimi nilikuwa nje.

Nilirudi Kanazi nikamweleza baba. Alichukua jembe lake akaelekea nyuma ya migomba, na ilibidi majirani wamshike. Aliyezikwa kwa homa hafukuliwi ovyo, walimwambia. Tufuate mahakama.

Tukafuata. Baba alivaa koti lake la kanisani kila tulipoitwa, na kila mara tuliambiwa turudi. Alikonda. Katikati ya yote hayo kitabu cha pili cha Profesa kilitoka, na mwalimu mwenzangu akanionyesha kwenye simu sherehe ya uzinduzi. Kilihusu wajane. Wageni walisimama kumpigia makofi. Sijui kama katika ukumbi ule alikuwepo hata mmoja aliyewahi kukaa chini kumenya mihogo na wale akina mama. Watu walisema kwamba ni kitabu kilichoandikwa kwa huruma ya pekee.

Hatimaye kibali kikatoka. Bwana afya alikuja mchana, amevaa mavazi yake meupe, na vibarua wawili. Sisi tulizuiwa kupita mstari wa migomba. Tulisikia majembe. Tulisikia mbao zikilia zinapobanduliwa. Kisha vibarua wakaamriwa wapande juu, na yeye akabaki mle shimoni peke yake.

Alikaa mle kwa muda.

Upepo ulivuma kutoka upande wa kaburi. Ulileta harufu, na baba akanishika mkono kwa nguvu, akanitazama. Sote wawili tuliijua. Mkulima wa Kanazi hawezi kukosea harufu ya utomvu. Lakini tulikuwa tumesimama ndani ya migomba yenyewe. Nani angetuamini?

"Funikeni," bwana afya alisema alipotoka.

Aliandika kwamba kaburi halina dosari. Nilimfuata kwenye bomba alikokuwa ananawa. Alikuwa ananawa, anarudia, anarudia.

"Kaka, ulimuona?" niliuliza. "Niambie tu kwamba ulimuona mtu, nami nitanyamaza."

Aliendelea kunawa.

"Kaka."

"Mwalimu," alisema, bila kuinua kichwa, "mimi nina watoto. Wawili wanasoma chuo."

Akafunga bomba, akaingia kwenye gari.

Baba hakuishi mpaka msimu wa maharage uliofuata. Yeye tulimuona. Tulimuosha wenyewe, tukamvisha wenyewe, na mama hakukubali jeneza lifungwe mpaka alipomgusa uso na miguu. Profesa Bulugu alituma rambirambi. Mwezi uliopita ametangaza nafasi za wasaidizi wa utafiti, kwa vijana wenye bidii, hasa wanaozungumza lugha za huku. Nimewaambia wote ninaowafundisha na wote niliowahi kuwafundisha. Wanaitikia kwa heshima, "Ndiyo, mwalimu." Nasikia waombaji ni wengi.

Mama hakuwahi kuniuliza kuhusu Bisibo. Katika kesi yote hakuuliza. Nilidhani haamini, na niliona afadhali. Mpaka juzi, tukiwa jikoni tunamenya ndizi za jioni, akasimamisha kisu.

"Siku ile ulipomchungulia," alisema, macho yakiwa kwenye ndizi. "Alikuwa amekonda?"

Moshi ulikuwa umejaa jikoni. Nilishukuru kuwa ulikuwepo.

"Hapana, mama. Alikuwa vile vile."

"Ego," alisema, kwa lugha yetu. Ndiyo. Akawaza kidogo.

"Basi wanampa chakula."

Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.