Kalamu Iliyogoma Kwenye Baridi

Kila Jumamosi Hadiya hufagia ua, hunywa chai na mahamri, kisha huyo, mbio hadi karakana ya shangazi yake, Bi Mwanatumu, nyuma ya nyumba yao mtaani Shela, Malindi. Viatu huvikumbuka akishafika. Hukaa kitako akamtazama shangazi akikereza mbao mpaka nywele zake zote zijae vumbi.

Na kwa kweli ni kazi ya kutazamwa! Kipande cha mbambakofi kutoka mlango chakavu, ambacho wengine wangekitia jikoni kikawa kuni, mikononi mwa Bi Mwanatumu hugeuka kalamu laini yenye rangi ya asali. Lakini fahari yake hasa iko ndani, kwenye springi na kitufe. Ukibonyeza, ta! Ncha imetoka. Ukibonyeza tena, ta! Imerudi. Kalamu zake hazijui kusita.

Siku moja Bi Gladys, meneja wa hoteli huko Watamu, alitaka kalamu za wageni wake. Aliomba kwanza aletewe chache azijaribu. Hadiya akasihi aachiwe kutengeneza moja.

"Haya," alisema shangazi. "Ila sikiliza, mwanangu. Kitufe kikikwama, fungua kalamu, upanue tundu kwa keekee, polepole. Usitafute njia nyingine."

Kalamu ya Hadiya ilitoka nzuri, ila kitufe kilikwaruza. Kuifungua upya ni kazi, na wenzake walikuwa nje wakimwita waruke kamba. Basi akaiona chupa ya mafuta ya nazi ya shangazi. Akadondosha tone, na jingine. Kitufe kikateleza vizuri ajabu.

Shangazi alipoijaribu, uso ulimchanua. "Mashaallah! Umeshakuwa fundi!"

Hadiya akaenda zake kuruka kamba.

Kalamu zikapelekwa Watamu, na siku ya pili wakaitwa wote wawili. Ofisi ya Bi Gladys ilikuwa na kiyoyozi, baridi yake ya kukunja mikono.

"Shikamoo," alisema Hadiya.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Bi Gladys alibonyeza kalamu moja baada ya nyingine, zikalia sawasawa. Akaishika ya Hadiya. Kitufe kikazama, kikabaki humo humo. "Hii imegoma tangu asubuhi. Siwezi kumpa mgeni kalamu ya kubembelezwa, Bi Mwanatumu."

Shangazi aliigeuzageuza, hakuelewa. Mwishowe alisema kwa huzuni, "Nisamehe. Labda springi hizi mpya si za kuaminika. Usichukue hata moja. Narudi nazo zote."

Hadiya alizitazama kalamu zile. Kazi yote ile nzuri ya shangazi irudi nyumbani kwa ajili yake? Aliona haya, aliogopa, lakini alisema.

"Shangazi, springi hazina kosa. Kitufe kilikwaruza, nikatia mafuta ya nazi."

Bi Mwanatumu akashika kichwa. "Mafuta ya nazi! Chupa yenyewe tunaianika juani asubuhi za baridi. Humu ndani si yameganda?"

Bi Gladys aliangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Naomba niitengeneze upya," alisema Hadiya, machozi yakimlengalenga.

Aliporudi aliifungua kalamu, akafuta mafuta, akapanua tundu kidogo kidogo. Vidole vilimuuma. Wenzake walimwita hadi wakachoka, lakini hakuinua kichwa mpaka kitufe kilipoacha kukwaruza. Kalamu ikarudishwa Watamu, ikalazwa kwenye baridi ile ile.

Asubuhi simu ya shangazi ililia.

"Sikilizeni," alisema Bi Gladys. Ta! Ta! Ta! "Nazitaka zote, na nyingine zaidi. Na huyo binti mwambieni, mtu anayekiri kosa lake mbele ya mnunuzi, kazi yake naiamini."

Hadiya aliruka kwa furaha. Shangazi akamkumbatia, kisha akamshika bega, akamtazama machoni.

"Umesikia? Kosa ukilipaka mafuta, leo litateleza, kesho litakugomea mbele za watu. Lifungue mwenyewe, mapema, ulitengeneze. Hapo ndipo nitakapokuita fundi."

Kisha akamkabidhi keekee, na kipande kipya cha mbambakofi.