Kimerudi au Amerudi

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yetu, dada wa baba, mwaka alioacha kushona kwa sababu macho yalikuwa hayalioni tena tundu la sindano. Aliisimulia mara moja tu, huku akichambua vifungo kwenye kopo, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama mtu anayesoma vipimo vya nguo. Hapa imewekwa kama alivyoiweka yeye.

Watu walimwita shangazi Fundi. Aliishi na mama yake ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, cherehani ikiwa dirishani. Kaka yao mkubwa, yeye na baba yetu, aliitwa Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alikuwa mpiga kodiani kwenye sherehe za watu. Nyumbani hawakusema kodiani, walisema kinanda, na ule mfuko wake wa mikunjo unaovuta hewa na kuitoa waliuita mapafu.

Kinanda kiliibwa mchana kweupe, mlango ukiwa umerudishwa tu. Chiriku alivaa viatu akatoka kwenda kukitafuta. "Narudi sasa hivi," alisema. Hakurudi.

Hapakuwa na maiti, wala mtu wa kusema amemwona mahali. Katika nyumba ile hawakulia, maana hakuna aliyewaambia walie. Miaka ikapita. Baba yetu akahamia mji mwingine kikazi. Fundi akabaki na mama yake, na mama akawa na msemo wake: "Kikirudi, atarudi." Baadaye akaufupisha, kama mtu anavyokata njia anayoipita kila siku. Akawa anasema "akirudi" tu, na usingejua anamtaja mtoto au kinanda. Fundi naye akalizoea neno. Lugha ya nyumbani haina mwalimu.

Siku kinanda kilipoletwa, Fundi alikuwa na mteja mbele ya kioo.

"Hili gauni umelibana, Fundi."

"Gauni halijabana, shoga. Wewe umenona likiwa kwangu."

"Si ungenipigia simu nipunguze kula!"

Wakacheka. Hodi ikapigwa. Alikuwa binti wa kinyozi, yule kinyozi aliyekuwa na kiti chake chini ya jengo hilohilo na ambaye, tangu Chiriku apotee, aliwapa pole kila walipopita mlangoni pake. Walikuwa wametoka kumzika juzijuzi. Binti alibeba kitu ndani ya blanketi, amekiweka mbali na mwili, kama mtu aliyebeba sufuria la moto.

"Shikamoo, mama. Baba aliacha neno. Hiki kilikuwa chini ya kitanda chake. Alisema kirudi kwenu, ila tusikifungue kamba."

"Kilikuwa humu humu?" Fundi akauliza. "Chini ya miguu yetu?"

"Humu humu, dada. Mimi nilikuwa mtoto. Nisameheni."

Fundi alijua hapo ndipo pa kukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa mfuko wa nguo, asiikute.

Mama alikwisha kuchukua mkasi wa mezani. Kamba ilikuwa imefungwa fundo juu ya fundo, na chini ya kamba kinanda hakikuwa na vumbi hata kidogo. Akaikata. Akaweka kiganja juu ya ngozi ya kinanda, akakiacha hapo.

"Ana joto," akasema. "Amerudi."

"Kimerudi, mama." Binti wa kinyozi alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni. "Tafadhali, sema kimerudi. Baba alikuwa mkali kwa neno hilo. Tukikosea alituchapa."

"Usinifundishe kusema nyumbani kwangu. Amerudi, na nimemkaribisha."

Mteja akasahau gauni lake, akaondoka.

Mama alikilaza kinanda kwenye kitanda cha Chiriku, akakifunika shuka. Siku za kwanza hapakuwa na la ajabu, ila harufu: chumba kilichokaa kitupu miaka yote kilianza kunuka usingizi, kama chumba ambacho mtu ameamka sasa hivi. Fundi alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Kisha ikaja sauti. Cherehani ikinguruma hakusikia kitu. Aliponyanyua mguu kwenye kanyagio, kabla kimya hakijakaa sawa, ilisikika pumzi moja ikivutwa chumbani, ndefu, kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusema. Akajiambia ni ngozi kuukuu inakauka. Akaenda kufunga kile kishikizo kinachobana mapafu. Alasiri akakikuta wazi. Akakifunga tena, na asubuhi kikawa wazi, na mapafu yamejaa.

"Usimbane," mama akasema kutoka jikoni. "Amelala vizuri."

Alikuwa akiandaa vikombe vitatu vya chai. Fundi aliviona, akakaa, akanywa chake.

Mama naye akaanza kupungukiwa na pumzi. Alianza kupumzika katikati ya ngazi, baadaye katikati ya sebule, mwisho katikati ya sentensi. Daktari wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akasema mapafu yake ni safi kama ya msichana.

"Basi nitafutie na mchumba, daktari," mama akasema, akachukua muda mrefu kuimaliza hiyo sentensi.

Alikonda hadi nguo zikamvuka mabegani. Fundi akaamua kumshonea gauni jipya. Hilo ndilo alilojua kufanya: mtu akiharibika, mpime. Akamsimamisha karibu na dirisha, akamzungushia utepe kifuani, na akasema yale anayowaambia wateja wote, kwa maana kifua hupimwa kikiwa kimejaa.

"Vuta pumzi, mama."

Utepe haukusogea. Ulikaa vilevile kati ya vidole vyake, umelegea, na mama alikuwa amesimama ametulia, anatazama nje, midomo imefunguka kidogo. Na nyuma yao, chumbani kwa Chiriku, mlango ukiwa wazi na jua likiwa limelala sakafuni, mapafu ya kinanda yalifunguka mkunjo mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa mlio mkavu wa ngozi, yakavuta, yakaendelea kuvuta, mpaka Fundi akahisi masikio yake yanazibika na pazia la mlango likaelekea kule kama linaloitwa.

"Toa," akasema Fundi. Alisema kwa mazoea. Ndivyo wasemavyo mafundi.

Kikatoa. Na ndani ya ile hewa kulikuwa na neno.

"Sindano."

Ni Chiriku peke yake aliyemwita hivyo, utotoni, kwa wembamba wake.

"Itika," mama akanong'ona. "Kakako anakuita."

Fundi alisema kwamba hapo hakuogopa. Alihisi ganzi, kama mkono uliolaliwa. Aliziba mdomo kwa kiganja, akamshika mama, akamkalisha, akashuka ngazi hadi kwa binti wa kinyozi.

"Nani alimfundisha baba yako ile kamba na lile neno?"

"Mganga, Bwana Taratibu. Ila dada, huyo hakimbilii mtu. Hata nyumba ikiungua."

Bwana Taratibu alikuja kesho yake mchana. Alikuwa mzee mfupi, shati limepigwa pasi, na alipanda ngazi zile kwa muda ambao mwingine angezishuka na kuzipanda tena. Hakuja na kitu zaidi ya shuka jeupe mkononi. Aliketi sebuleni, akasikiliza pumzi ya chumbani, kisha pumzi ya mama, akalinganisha.

"Kilipoingia," akauliza kwa sauti ya chini, "mlisema neno gani?"

Fundi akamwambia.

"Hapo ndipo. Jini hana mlango wake, dada. Huyu alikaa ndani ya kitu miaka yote, na kinyozi, pamoja na wizi wake, alikuwa na akili ya kukiita kitu. Ninyi mmemwita mtu, tena mmemkaribisha. Mtu anahitaji pumzi. Anaipata wapi?" Akaelekeza kidevu kwa mama.

"Mtoe, basi."

"Umeona? Hata wewe unasema mtoe."

Fundi akageukia mlango wa chumba.

"Naweza kufukiza humu mpaka majirani waite zimamoto. Hatoki. Aliyempa utu ndiye amvue. Neno moja tu, kutoka kwake, na alimaanishe."

Mama alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa.

"Nikisema hiki ni kitu," akasema, akipumzika kila baada ya neno, "mwanangu... nimemtupa... kwa mdomo wangu."

Chumbani kinanda kikaanza kupiga. Haukuwa wimbo, ni sauti mbili tu, juu na chini, juu na chini, jinsi mtu anavyobembeleza mtoto. Na kila ilipopanda, uso wa mama uliingia kijivu zaidi, na kila iliposhuka kichwa chake kiliinama zaidi kifuani, na Fundi alipiga magoti mbele yake akamshika mikono, mikono imekuwa ya baridi na myepesi kama glavu tupu, na harufu ya usingizi ilitoka mlangoni ikajaa sebule nzima, ikamkaa Fundi kooni, na ile sauti sasa ilikuwa inasema kitu, inaita, inaita mama, inaita kwa sauti ya Chiriku ya siku ile anavaa viatu, "Narudi sasa hivi, mama, narudi sasa hivi," tena na tena bila kuchoka, wala haikuwa na haja ya kupumzika, kwa kuwa pumzi haikuwa yake.

"Mama," Fundi akasema. "Kaka alikufa."

Neno hilo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile.

Mama alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja wewe useme, kwa kuwa mimi nisingeweza."

Akageuza uso kuelekea chumbani. Ilimchukua muda kupata hewa ya kutosha.

"Kitoeni," akasema. "Kitoeni nyumbani kwangu."

Sauti zote za kinanda zililia kwa pamoja, za chini na za juu. Vikombe mezani vikatetema, na mlio ukaenda ukikonda mpaka ukawa upepo, na upepo ukaisha. Mama akavuta pumzi. Ilikuwa na kelele, kama ya aliyeibuka majini. Fundi alikiona kifua chake kikipanda, na hakuhitaji utepe.

Bwana Taratibu alikifunika kinanda kwa shuka lake, akakishusha uani. Huko akapasua mapafu yake kwa kisu. Fundi alichungulia. Ndani hapakuwa na kitu, ila mikunjo yote ilikuwa na unyevu, laini, ya rangi ya waridi, kama ndani ya shavu. Mzee akaondoka nacho, asiseme anakipeleka wapi, na Fundi hakuuliza.

Bwana Taratibu amekwisha kufariki, kwa uzee. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, pumzi zake timamu, akafa akiwa amelala. Binti wa kinyozi yu hai, na anaendesha saluni pale chini.

Shangazi yu hai. Mwaka jana, saa za mchana, mzee mmoja alipanda ngazi akapiga hodi mlangoni pake. Alikohoa, akaulizia kama bado wapo, akataja jina la mama. Shangazi aliijua sauti: ni ile ya "Narudi sasa hivi." Alikaa kitini mikono juu ya magoti, hakuitika wala hakufungua, mpaka nyayo ziliposhuka.

Binti wa kinyozi alimwona akitoka. Anasema alikuwa anachechemea, na kwamba alipofika kivulini aliketi kwenye ukingo wa barabara, akavua kiatu, akatoa kijiwe, akavaa kiatu tena. Jini haumizwi na kijiwe. Huyo naye, kwa hesabu hiyo, yu hai.