Vidole Vinne Juu ya Mstari

Jumanne, saa saba na nusu mchana, Mshale alirudisha pikipiki gereji kwa mara ya tatu.

Fundi Waya alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini ya benchi, akamtazama shemeji yake kama mtu anavyotazama mvua iliyorudi nguo zikiwa zimeanikwa upya.

"Leo tena nini?"

"Taa yako, shemeji. Inamulika mbinguni. Wenye magari wananitukana mpaka marehemu bibi yangu."

"Taa yangu? Nani alileta balbu hiyo akajisifu kwamba inaona mpaka kesho?"

Mshale alicheka kwa meno tu. Alikuwa mume wa dada mdogo wa Fundi, na dada huyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Saa tisa angepanda kiti cha nyuma cha pikipiki ile aende kliniki, na foleni ya huko ingewarudisha usiku. Ndiyo maana Fundi hakuendeleza mzaha. Taa inayopofusha dereva anayekuja mbele yako inaweza kuua, na pikipiki ile ingebeba roho tatu.

Taa ya zamani ilivunjika wiki tatu nyuma. Mshale alisema aligonga kisiki. Akanunua taa mpya, nyeupe, kali. Mara ya kwanza ilipepesa, Fundi akakuta waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, umeoza, akaubadilisha na kuongeza rilei ya kuipa taa umeme wa kutosha. Mara ya pili balbu ilikuwa imekaa upande, akaigeuza. Mara zote mbili aliilenga ukutani: mlango umefungwa kupata giza, pikipiki mita tano kutoka ukutani, ukingo wa juu wa mwanga ukae sawa na mstari wa chaki. Lazima mtu awe amekaa kitini, kwa sababu springi za nyuma zikibonyea, taa hupanda. Mshale hakuwa na nafasi hata siku moja; abiria walikuwa wanamsubiri kijiweni. Fundi akatumia gunia la mchanga la kilo sabini, uzito wa Mshale. Mwanga ukakaa kwenye mstari.

"Leo unakaa wewe," Fundi alisema. "Gunia halina leseni."

Mshale alikitazama kiti. "Gunia linatosha, shemeji."

"Kaa, bwana. Mkeo yuko njiani."

Fundi alifunga mlango wa bati, akatia komeo. Akawasha taa. Akaweka gunia: mwanga ukakaa kwenye mstari. Akaondoa gunia, Mshale akakaa.

Mwanga ulipanda vidole vinne juu ya mstari.

Fundi alikagua skrubu za taa. Zilikuwa zimekazwa. Gunia likarudi, na mwanga ukarudi kwenye mstari. Mshale akakaa, vidole vinne. Fundi hakuwa mtu wa kubishana na ukuta. Alimshusha shemeji yake, akarudisha gunia la kilo sabini, na nyuma yake akapanga gunia la pili. Akalipunguza mchanga kopo kwa kopo mpaka mwanga ukakaa vidole vinne vilevile juu ya mstari. Akalipima gunia hilo la pili kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Kilo hamsini na mbili.

"Panda tena," alisema. Mshale akapanda. "Shemeji, umebeba nini?"

"Mimi mwenyewe."

Fundi alichuchumaa. Sponji ya kiti cha nyuma ilikuwa imebonyea. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Shuka," alinong'ona.

"Siwezi. Amenishika."

"Nani?"

"Yule abiria wa siku ile taa ilipovunjika." Midomo ya Mshale ilikuwa mikavu. "Hapakuwa na kisiki. Tulianguka, mguu wake ukavunjika. Akaning'ang'ania kiunoni nisimwache. Angenitaja polisi. Nikamvunja vidole, kimoja kimoja. Vitatu. Halafu nikaokota jiwe."

Shati la Mshale likajikunja kiunoni.

Ubavu wa kwanza ulivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Fundi alimkamata mkono, akavuta. Ukavunjika wa pili. Mshale akapiga yowe, damu ikamtoka puani. Kichwa chake kilivutwa nyuma, kikasukumwa mbele juu ya dashibodi. Kioo kikapasuka. Tena. Tena. Jino lilidondoka kwenye tangi, likabingirika mpaka sakafuni.

Fundi aliokota bomba la chuma, akalizungusha nyuma ya mgongo wa Mshale, mahali pasipo na mtu. Liligonga kitu laini. Bomba likanyakuliwa. Likamrudia mkononi. Mfupa ukatoka nje ya ngozi.

Mlango ukagongwa.

"Kaka? Mbona mmejifungia? Nani anapiga kelele?"

Fundi aliegemeza mgongo mlangoni. "Rudi nyumbani!"

"Mume wangu yumo humo?"

"Rudi, mdogo wangu, nakuomba!"

Mwanga uliruka ukutani kwa kila pigo. Kisha ukatulia. Mshale alianguka kiubavu sakafuni. Fundi aliangalia ukuta: mwanga haukuwa umeshuka mpaka chini. Springi zilikuwa bado zimebonyea.

Dada alisukuma kwa bega. Komeo likang'oka, Fundi akaanguka. Alimpita kaka yake, akapiga magoti kwenye damu, akakipakata kichwa cha mumewe.

"Usiiguse pikipiki!" Fundi alipiga kelele. "Usiikalie!"

Hakuigusa. Nyuma yake springi zilitoa mlio mdogo, kiti kikainuka chenyewe.

Dada alijaribu kusimama, akashindwa. Alishika kiuno.

"Kaka, niinue," alisema. "Nimekuwa mzito."

Daktari aliyeupasua mwili wa Mshale alihesabu mbavu tisa zilizovunjika. Kiunoni alikuta alama za vidole kumi. Vitatu vilielekea nyuma. Polisi walimshikilia Fundi siku mbili, mkono wake ukiwa kwenye plasta; alama zile hazikulingana na mikono yake, wakamwachia Alhamisi.

Ijumaa saa nne asubuhi alimpeleka dada yake kliniki kwa miguu. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akaangalia kadi, akamwomba ashuke. Akaurudisha mshale wa mizani kwenye sifuri, akampandisha tena. Kisha akaenda chumba cha pili kuleta mizani nyingine.

Kadi ya wiki mbili nyuma ilisema kilo sitini na moja. Muuguzi aliandika chini yake: mia moja na kumi na tatu.