Mlango Usiopiga Kelele

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Kitengela iliamka na ukungu mzito na baridi ya kuuma vidole. Hata kufikia saa nne, jua lilikuwa halijaonekana upande wa Isinya.

Saa kumi na moja jioni, Inspekta Tabitha Wathome alisimama mbele ya maiti ya Mama Mugure, ajuza wa miaka sabini na minane, aliyelala kifudifudi hatua moja kutoka mlango wa chumba chake. Kando ya kitanda palikuwa na jiko la mkaa lililokwisha kuzima. Wathome alifumba macho, akamwombea kimoyomoyo kama alivyowaombea wote waliomtangulia, kisha akavaa glavu.

"Nani alimwona mwisho?"

"Ni mimi," alijibu Makena, mkaza mwana wa marehemu. "Nilimletea jiko saa nane, kabla watu wa ushirika wa kanisa hawajafika. Alikuwa anatetemeka. Saa kumi, tulipomaliza maombi, nikampelekea chai, nikamkuta hivi."

"Huu mlango uko na ufunguo?"

"Hauna," alidakia Njogu, mumewe, aliyekuwa ndio kwanza arudi kutoka kazini Nairobi. "Mama angetaka kutoka, angetoka."

Wathome aliinua mikono ya marehemu. Vidole vilikuwa vyeusi kwa makaa. Vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka.

Kwa nini mtu augonge mlango anaoweza kuufungua?

Alitoka apige simu. Nyuma yake mlango ulijirudisha taratibu, ukajibana bila hata kulia. Akaufungua tena, akauachilia. Ukajirudisha vilevile.

"Bwana Njogu, kifaa cha kuurudisha huu mlango kiliwekwa lini?"

"Kifaa gani?"

Hakuwa anajua. Juu ya mlango hapakuwa na chuma chochote. Wathome alipoufungua mpaka mwisho ndipo alipokiona, kidogo, kimezamishwa ndani ya ubao katikati ya bawaba.

Njogu alimtazama mkewe. Makena alitazama sakafu.

Kesho yake Wathome alimkuta Ochola, fundi wa milango, akiwa nyumbani kwake na shati la kanisani.

"Mimi nilimwonyesha Makena ile ya kawaida, madam, ya mkono wa chuma juu ya mlango. Akakataa. Akasema wageni wataiona. Nikamwambia basi achukue hii ya kufichwa."

"Akaridhika?"

"Bado! Akauliza kama inaweza kwenda polepole, isigonge. Nikairekebisha mara tatu. Alisema ni chumba cha mgonjwa, apate kulala. Nikajiambia, huyu ni mtu wa huruma."

"Na kitasa cha ndani, cha kufungulia mlango?"

"Nilikiacha kizima, madam. Alhamisi. Nilikikaza kwa mkono wangu."

Jumatatu mchana daktari wa upasuaji wa maiti alithibitisha kuwa Mama Mugure aliuawa na gesi ya mkaa. Wathome alirudi kwenye nyumba ile, akawakuta watu wa ushirika wameketi sebuleni kwa maombi ya matanga. Alitoa bisibisi, akafungua kitasa cha ndani mbele yao wote.

Chini ya bamba la kitasa, mahali ambapo kidole hakiwezi kufika kitasa kikiwa kimekazwa mahali pake, palikuwa na alama nyeusi za makaa zikizunguka tundu.

"Hizi ni alama za vidole vyake," Wathome alisema. "Alikuwa anatafuta kitasa kilichokuwa kimeng'olewa. Makena, ulikirudisha lini?"

"Kabla sijapiga simu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwezi uliopita alitoka uchi mbele ya ushirika, akasema ninamnyima chakula. Jumamosi walikuwa wanakuja kunichagua kiongozi wa akina mama. Nilitaka saa mbili tu za kutulia, inspekta. Mlango ujifunge wenyewe, nisionekane nikimfungia."

"Na jiko?"

"Kila siku ya baridi nilimpa jiko, lakini mlango ulikuwa unabaki wazi. Sikufikiria."

Mzee Kinyanjui, kiongozi wa ushirika, alishika kichwa. "Sisi tulimsikia! Alikuwa anaita, 'Ngai, ndeithia.' Mungu, nisaidie. Na kugonga. Tukadhani anaomba pamoja nasi, anapiga makofi. Tukamjibu Amina."

"Na wewe, Makena? Ulisikia?"

"Nilianzisha wimbo."

"Kwa nini?"

"Ili asisikike."

Wathome alitafuta sala ya kufaa, asiipate. Alimfunga Makena pingu.

Njogu alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Nenda tu. Wakili atakufundisha. Utawaambia ulikuwa unaimba, hukusikia kitu. Na hawa watu wako watakutolea ushahidi."

Hakuna aliyeinua uso. Makena alisimama, akawageukia wote, mmoja mmoja.

"Naahidi mbele yenu," alisema kwa sauti. "Siku nitakayosimama kortini Kajiado, sitasema sikusikia."