Sababu Sita za Kinyozi

"Nitajie sababu moja," Mama alisema, akiisukuma sahani yake pembeni. "Moja tu ya mwanangu kuoa mtu anayeishi majini kama samaki."

Baharia aliinamisha uso. Miaka mitano alikuwa akivuta kamba nzito na kushika usukani kwenye meli ya mizigo, lakini mbele ya mama wa mchumba wake hata kuomba chumvi aliogopa.

"Moja?" Kinyozi, mchumba wake, alicheka. "Ninazo sita, Mama. Wateja wangu wote saluni wanazijua."

"Haya, zimwage," alisema dada yake, ambaye mpaka leo hakutaka kuitwa wifi.

"Ya kwanza, hagombanii rimoti. Miezi minane kwa mwaka televisheni ni yangu mwenyewe. Ya pili, ukimuudhi, meli inamchukua kabla hajanuna vizuri. Akirudi, hasira zimeshaota kutu. Ya tatu, kule hakuna mtandao. Nani ataniuliza uko wapi, uko na nani?"

"Na uko na nani?" Mama aliuliza.

"Niko na mashine ya kunyolea, Mama! Ya nne, amezoea kitanda chembamba kama ubao, akilala hageuki. Ya tano, mafundo yake. Ile kamba ya kuanikia nguo aliyoifunga uani haitalegea mpaka tunazeeka."

"Ile kamba tuliikata kwa msumeno," dada mtu alidakia. "Alifunga nguo au alifunga ng'ombe?"

Baharia alitabasamu kidogo. Utani huu ndio uliomvuta kwa Kinyozi tangu siku ya kwanza.

"Na ya sita, kila akirudi ni mgeni. Kabla hatujachokana, king'ora cha meli hicho!"

Dada mtu alicheka mpaka akapaliwa. Mama alimgeukia Baharia.

"Mimi umeniona nikicheka? Nilikwambia mwezi uliopita na leo narudia. Huwezi kuwa mke wa mtu kwa kupunga mkono juu ya meli. Chagua, bahari au mwanangu."

"Nimechagua, Mama."

Alifungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka karibu na jagi la maji.

"Ofisi ya bandari wamenipa kazi ya nchi kavu. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi jioni, kila siku. Sijasaini bado. Nilitaka nisaini hapa, mbele yenu."

Dada mtu akaacha kutafuna. Mama akaifungua bahasha, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Baharia hakuwaangalia. Alimwangalia Kinyozi, akisubiri furaha aliyoiota kwa wiki tatu nzima.

Haikuja.

"Kila siku?" Kinyozi aliuliza.

"Kila siku."

"Hata wikiendi uko nyumbani?"

"Niko nyumbani."

"Sasa si ungeniuliza kwanza, mpenzi? Mambo kama haya tunashauriana. Mimi nimeshajipanga na ratiba yako."

"Umejipangaje?"

"Namaanisha... mtu ana mazoea yake. Nina utulivu wangu. Ungeendelea tu mwaka mmoja hivi, halafu tukaangalia."

"Nipe ya saba," Baharia alisema.

"Ya saba gani?"

"Sababu. Ya kunioa nikiwa nimekaa hapa hapa."

Kinyozi alikuna kichwa, akamtazama dada yake, akacheka peke yake.

"Ya saba... utanifagilia nywele saluni bure!"

Hata dada yake hakucheka. Mama alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka.

"Mjinga wewe! Mwaka mzima namchukia binti wa watu nikidhani ndiye anayekukimbia. Kumbe ulimtafuta wa mbali makusudi! Ukiondoa kitanda na ile kamba ya nguo, umemsifia nini? Umesifia kutokuwepo kwake!"

"Mama, nilikuwa natania."

"Ulipotania ulikuwa nazo sita. Umeulizwa kweli, huna hata moja!"

Machozi yalimlenga Baharia, lakini hakuyafuta. Alifungua simu, akausoma tena ujumbe wa bosi wake wa melini: "Nafasi yako naishikilia mpaka leo jioni. Kesho tunang'oa nanga."

Akapiga.

"Chifu, nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo. Si ulisema unaolewa?"

"Nilisema." Alivuta pumzi. "Naja."

Kinyozi aliruka kutoka kwenye kiti. "Yaani unaniacha kwa ajili ya utani?"

"Utani nilikuwa naucheka. Nakuacha kwa ulivyouliza 'kila siku'."

"Ukitoka mlango huo usirudi!"

"Si ndiyo raha yako, nisirudi?"

Alichukua mkoba, akatoka. Hatua za Mama zilimfuata mpaka barazani.

"Umesahau karatasi yako," Mama alisema kwa ukali, akimsukumia bahasha kifuani. "Na mkitia nanga bandari ya kwanza, unipigie. Mimi, siyo yule."

"Sawa, Mama."

"Na usinizoee," Mama alisema, akafunga mlango.